Kalamu Imerudi na Mambo ya Zamani

SWALI: Salaam, Mhariri. Mimi ni karani mstaafu, mkazi wa Dodoma. Nilitunga mashairi nikiwa sekondari, kisha nikaacha kwa zaidi ya miaka 30. Sasa nimeanza tena, lakini kila ninachoandika kinamrudia marehemu baba na ukame wa utotoni. Je, huo ni utunzi au ni kujiliwaza tu?

JIBU: Salaam, ndugu msomaji. Kalamu iliyolala miaka 30 ikiamka huenda kulekule ulikokwepa kutazama, na kwa maoni yangu hapo ndipo utunzi wako unapoanzia. Usiandike kwamba ulihuzunika. Andika jinsi jembe la baba lilivyogonga udongo mkavu, uji wa uwele, na neno alilolitamka mvua ilipokatika mwezi wa pili, kwa maana kitu kilichotajwa kwa jina lake hukuonyesha ulichokihisi kabla wewe mwenyewe hujakitambua.

Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa hapahapa Dodoma aliyeieneza ngonjera, aliandika pia habari za maisha yake. Ngonjera itakufaa: mpe baba ubeti, umjibu katika ubeti unaofuata, na ukiona majibu yako yote ni ya upole, shuku kwamba kuna jambo umelificha. (Vina na mizani visikutie hofu, vitarekebishwa baadaye.) Andika kwa mkono, alfajiri, kurasa 2, na usimsomee mtu yeyote kabla mwezi haujaisha.