Dirisha likivutwa, nafasi ni ya maandishi

Msomaji mmoja ametuma picha mbili za kihariri maandishi anachokitengeneza kwa Python na Tkinter, maktaba ya Python ya kujengea madirisha. Katika ya kwanza dirisha limekuzwa likajaa skrini nzima, lakini eneo la kuandikia limeng'ang'ania kona ya juu kushoto na kwingine kote ni kijivu kitupu. Katika ya pili dirisha limebanwa, na upau wa hali wa chini, ule unaoonyesha mstari na herufi, umetoweka. Anauliza aandike msimbo gani wa kupanga upya vitu kila ukubwa unapobadilika.

Asiandike wowote. Anayeanza kupiga hesabu za pikseli kwa mkono ameshapotea njia, maana kazi hiyo ni ya mpangaji, sehemu ya Tkinter inayopanga vitu dirishani, yaani grid au pack. Kazi yako ni kujibu maswali mawili kabla ya kugusa kibodi. Dirisha likiongezewa pikseli 300, nani anazipata? Likipunguzwa pikseli 300, nani anazitoa? Kwenye kihariri maandishi jibu ni lile lile mara zote mbili: eneo la maandishi. Upau wa zana haurefuki kwenda chini, upau wa hali haunenepi, upau wa kusogeza haupanuki. Mtu amekuja kuandika, na kila pikseli ya ziada ni haki ya maandishi yake.

Kwa grid, jibu hilo linaandikwa hivi:

```
import tkinter as tk
from tkinter import ttk

dirisha = tk.Tk()
dirisha.geometry("900x600")
dirisha.rowconfigure(0, weight=1)
dirisha.columnconfigure(0, weight=1)

maandishi = tk.Text(dirisha, width=1, height=1, wrap="word")
upau = ttk.Scrollbar(dirisha, command=maandishi.yview)
maandishi.configure(yscrollcommand=upau.set)
hali = ttk.Label(dirisha, text="Mstari 1, herufi 1")

maandishi.grid(row=0, column=0, sticky="nsew")
upau.grid(row=0, column=1, sticky="ns")
hali.grid(row=1, column=0, columnspan=2, sticky="ew")
dirisha.mainloop()
```

Mistari miwili yenye weight ndiyo inayobeba kila kitu. Uzito (weight) wa kawaida wa kila safu, ya mlalo (row) au ya wima (column), ni 0, na safu yenye uzito 0 haipewi nafasi ya ziada wala hainyang'anywi nafasi inapopungua. Ndiyo maana upau wa hali kwenye safu ya 1 (hesabu inaanzia 0) unabaki salama dirisha likibanwa. Zote zikiwa na 0, kama kwenye picha za msomaji wetu, dirisha likikua hakuna anayekua nalo, na likibanwa kinachokatwa ni kile kilichoko ukingoni.

Sticky ni jambo jingine, na wengi huyachanganya mawili haya. Weight inakipanua chumba. Sticky inamfanya mkazi wa chumba ajitandaze mpaka kuta zote nne. Ukiweka weight bila "nsew", chumba kitapanuka huku eneo la maandishi likielea katikati yake. Tena uzito unawekwa kwa mzazi, yaani dirisha au fremu iliyokibeba kitu. Ukiwa na fremu ndani ya fremu ndani ya dirisha, kila ngazi inataka rowconfigure na columnconfigure zake, na ngazi moja tu ikisahauliwa, zote zilizo chini yake zinaganda. Kitu kikigoma kupanuka, anzia kwenye dirisha lenyewe ushuke ngazi kwa ngazi. Usihangaike na kile kinachogoma.

Umeona width=1 na height=1? Si kosa la uchapaji. Wijeti ya Text, yaani eneo letu la maandishi, isipoambiwa kitu huomba nafasi ya herufi 80 kwa mistari 24, vipimo vile vile vya skrini ya VT100, terminali ya kompyuta ya mwaka 1978. Tatizo ni kwamba inaomba kwa herufi, si kwa pikseli. Mtumiaji akikuza fonti kutoka 11 hadi 20, ombi linakuwa karibu maradufu, na dirisha ambalo halijapangiwa ukubwa linavimba hadi nje ya skrini. Ombi likiwa dogo kabisa na ukubwa ukiamuliwa na geometry, fonti inabadilika na dirisha linatulia palepale.

Wanaotumia pack wana mtego wao. Pack hugawa nafasi kwa foleni: aliyetangulia anahudumiwa kwanza, na wa mwisho anapata makombo. Wengi hupachika eneo la maandishi kwanza kwa sababu ndilo muhimu, kisha upau wa hali, halafu wanashangaa upau ukimezwa. Geuza foleni: upau wa hali kwanza kwa side="bottom", upau wa kusogeza wa pili kwa side="right", na maandishi mwisho kwa expand=True na fill="both".

Ukomo wa chini wa dirisha usiubahatishe. Pikseli 400 zinatosha kwa fonti ya 10 na hazifai kitu kwa fonti ya 22. Uliza fonti yenyewe: font.measure("0") mara 40 inakupa upana wa herufi 40, na font.metrics("linespace") mara 8 inakupa mistari minane. Ongeza kimo cha pau, lipe dirisha minsize (ukubwa wa chini kabisa), na urudie hesabu hiyo kila fonti inapobadilika.

Kisanduku cha kutafuta kinachojitokeza na kujificha kipewe safu yake yenye uzito 0, juu ya upau wa hali. Ukikificha, tumia grid_remove, kwa sababu inakumbuka mipangilio yote. Grid_forget inaisahau na utalazimika kuiandika upya.

Kuna wazo linalovutia ambalo nakusihi uliache: kuuficha upau wa kusogeza wakati maandishi yote yanaonekana. Mistari ikiwa inakunjwa kwa wrap="word", upau ukijificha eneo linapanuka, mistari inapungua, yote yanaenea. Ukirudi, eneo linabanwa, mstari mmoja unakunjika, hayaenei tena. Kuna upana fulani ambapo hali zote mbili zinawezekana, na kila upau unapojificha au kurudi mistari inakunjwa upya na maandishi yanaruka mbele ya mwandishi. Acha upau uonekane muda wote.

Namba za mistari pia huharibika hapa. Watu huweka Text ya pili pembeni yenye 1, 2, 3. Dirisha likibanwa, mstari wa 5 unakunjika kuwa mitatu na namba zote zinazofuata zinahama. Tumia Canvas, wijeti ya kuchorea, na kwa kila mstari uulize dlineinfo: inakupa y ya mstari halisi kwenye skrini, au None kama hauonekani. Chora namba hapo hapo.

Uchoraji huo ndio unaohitaji tukio la <Configure>, taarifa kwamba ukubwa umebadilika, na tukio hili linafyatuka mfululizo wakati mtu anavuta ukingo. Likiunganishwa (bind) na dirisha kuu, dirisha linapokea pia matukio ya wijeti zilizomo ndani, kwa hiyo hakiki kwanza kwamba tukio.widget ni dirisha. Kazi nzito, kama kuhifadhi ukubwa kwenye faili, iahirishe kwa after(150, ...), yaani milisekunde 150, na uifute kwa after_cancel tukio jipya likija.

Ukihifadhi geometry, inakuja kama "900x600+120+80": upana, kimo, kisha umbali kutoka kushoto na kutoka juu ya skrini. Ihifadhi tu pale state() inaposema "normal", la sivyo mtumiaji akifunga programu ikiwa imejaza skrini, ukubwa wake wa kawaida unapotea. Na kama nafasi iliyohifadhiwa ilikuwa kwenye skrini ya pili ambayo sasa imechomolewa, dirisha litafunguka mahali asipoliona. Ukiwa na shaka, rudisha upana na kimo, viache viwili vya mwisho.

Kwenye Windows, skrini iliyokuzwa kwa 150% inahesabiwa DPI (nukta kwa inchi) 144 badala ya 96. Programu isiyojitangaza kwamba inaijua DPI inavutwa kama picha na herufi zinafifia. Ita ctypes.windll.shcore.SetProcessDpiAwareness(1) kabla ya tk.Tk(), na fonti ziandike kwa pointi: katika Tk, mtambo ulio chini ya Tkinter, namba chanya ni pointi, hasi ni pikseli.

Kisha jaribu. Fungua faili yenye mstari mmoja wa herufi 5,000, weka fonti 24, fungua kisanduku cha kutafuta, halafu bana dirisha hadi ligome. Upau wa hali ukiwa bado unasomeka na mistari minane inaonekana, endelea na kazi nyingine.