Muulize Fundi: Amplifaya ya marehemu mjomba inavuma na inapiga shoti, niiuze ninunue mpya?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msomaji wako niko Mingoyo huku Lindi, napiga gitaa la solo kwenye kikundi chetu kidogo, tunapiga harusi na sherehe za mtaani, hasa hela ya korosho ikishaingia. Nina amplifaya ya zamani sana aina ya Vox AC30, nimeachiwa na marehemu mjomba wangu, yeye alikuwa anapiga rithimu kwenye bendi miaka ya 70 mpaka 80 na kitu, na ndo alinifundisha kushika gitaa nikiwa na miaka tisa, tunakaa chini mbele ya amplifaya hiyohiyo ananiambia sikiliza kwanza halafu ndo upige. Sasa imeanza matatizo. Ukiwasha tu inavuma mmmmm hata kama hujachomeka gitaa, ukizungusha volyumu inakwaruza, ikifika kama nusu saa sauti inakuwa nyonge, na mwezi uliopita mwimbaji wetu ameshika gitaa lake limechomekwa humo, kusogeza mdomo kwenye maiki akapigwa shoti mpaka maiki ikaanguka. Wenzangu wanasema hilo dude tuachane nalo, zito tunabeba watu wawili, tuchange tununue la kisasa. Halafu kuna jamaa katoka Dar kaiona anaitaka, na hela anayotaja sio mbaya. Mama anasema fanya unavyoona mwanangu. Mimi nikiwaza kuiuza usingizi hauji. Je, niendelee nayo au ndo imeshazeeka basi? Na fundi redio wa hapa mtaani ataiweza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuondokewa na mjomba. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Kabla hatujaongea habari ya kuuza wala kununua, nakuomba kitu kimoja, kuanzia leo usiichomeke tena hiyo amplifaya mpaka fundi aifungue. Hiyo shoti mdomoni siyo kitu cha kuzoea, watu wamekufa jukwaani kwa shoti za namna hiyo. Nyuzi za gitaa kupitia ule waya wa jeki zimeungana na bati la ndani la amplifaya, na maiki kupitia miksa imeungana na ardhi. Sasa kama waya wa ardhi wa amplifaya haupo, au ulikatwa zamani ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili, au upo lakini umelegea, basi umeme wowote unaovuja mle ndani unabaki kwenye bati unasubiri njia, na njia yenyewe ni mikono ya mtu aliyeshika nyuzi halafu akagusa maiki na midomo. Mimi ilinikuta Masasi, ukumbi sakafu mbichi imetoka kupigwa deki, niko peku, ile ganzi ya mkono nilikaa nayo mpaka kesho yake jioni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kuweka waya mpya wenye nyaya tatu, na ule wa kijani na njano ukazwe kwenye bati kwa skrubu yake peke yake. Na kumbi mnazopiga mwambie apime na soketi, manake soketi nyingi zina matundu matatu lakini ukizifungua nyuma huo waya wa tatu haupo kabisa.

Haya, tuje kwenye uzee.

Uliyoyataja yote, mvumo, mkwaruzo, sauti kunyong'onyea, hakuna hata moja linaloniambia amplifaya imekufa. Mvumo fanya kukumbuka hivi, ukishusha volyumu mpaka sifuri mvumo ulikuwa unabaki palepale? Kama ulikuwa unabaki basi karibu kila mara ni zile kapasita kubwa za kusafisha umeme, ndani yake kuna majimaji na yanakauka kwa joto na miaka, kwa kawaida miaka 10 mpaka 20 zinakuwa zimechoka, na ya kwako inawezekana zina umri kukuzidi wewe. Mkwaruzo wa volyumu ni vumbi na chumvi, sisi watu wa pwani tunaijua hii, upepo wa bahari unakula mpaka bawaba za milango sembuse kile kibati chembamba ndani ya volyumu, hapo inapulizwa spray ya kusafishia kontakti inazungushwazungushwa na mara nyingi inaisha. Na kuchoka baada ya nusu saa naelekeza kidole kwenye valvu kwanza, zile chupa ndogo za kioo kama balbu zinazokuza sauti. AC30 ina valvu nne za nguvu zinaitwa EL84, na kwa jinsi ilivyoundwa zinafanya kazi kwa moto mkubwa muda wote, hata ukiwa hupigi, ndo sehemu ya utamu wake, na ndo maana zinachoka mapema. Usiwatupie lawama waliotengeneza, mashine imepiga kazi miaka yote hiyo kwenye joto letu na umeme wa kupanda na kushuka, mimi naona imevumilia sana.

Jambo moja unaweza kulitazama wewe mwenyewe bila kufungua na bila kuwasha. Chukua tochi, mulika kwa nyuma kwenye valvu, juu ya kioo utaona doa linang'aa kama kioo cha kujitazamia. Likiwa la fedha valvu haijaingiza hewa, likiwa limegeuka jeupe kama maziwa basi hewa imeshaingia, hiyo valvu haipo tena. Na siku fundi atakapoiwasha, mwambieni mzime taa ya chumba, ule wekundu mdogo katikati ndo wenyewe, hata ubuluu kidogo kwenye kioo usiwatishe, lakini mkiona lile bamba la kijivu ndani linaanza kuwa jekundu lote, zima hapohapo.

Sasa sikia. Valvu zimewekwa kwenye soketi, zinachomoka kwa mkono, hazikuchomewa kwa risasi. Aliyeitengeneza alijua kabisa zitabadilishwa, ni kama matairi ya gari. Na EL84 bado zinatengenezwa mpaka leo, Slovakia kuna kiwanda, Urusi kipo, China wapo, unaagiza, na kwenye AC30 una bahati kwamba ukishaweka nne zinazolingana hakuna kipimo cha kurekebisha kama kwenye amplifaya nyingine nyingi. Seti nzima ya valvu na kapasita bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya amplifaya mpya ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia imezeeka muulize, kitu gani kimezeeka? Manake sauti aliyokusikilizisha mjomba haiko kwenye kapasita. Iko kwenye transfoma, hasa ile inayopeleka sauti kwenye spika, iko kwenye zile spika mbili za inchi 12, na iko kwenye lile boksi la mbao. Hivo ndo vitu vya kwenda kuuliza habari zake. Fundi apime transfoma zote, halafu aangalie karatasi za spika kama hazijachanika wala hazijaliwa na mende (usicheke, kwetu huku zinaliwa). Zikiwa nzima, mimi sioni kabisa sababu ya kuibadilisha, itengeneze. Ikiwa transfoma ya sauti imeungua na spika zilishabadilishwa zamani ukaekewa nyingine za kuokoteza, hapo bado inatengenezeka lakini kinachorudi kitakuwa kingine, na hapo ndo ningekuelewa ukiamua kuiachia.

Fundi redio wa mtaani sijui mkono wake, lakini kuna njia ya kumjua bila kugombana naye. Muulize, mzee ukishachomoa plagi unaanzaje? Akikwambia ukishachomoa haina shida tena, mshukuru, beba mzigo wako ondoka. Mle ndani kuna zaidi ya volti 300 zinazobaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa, na fundi wa valvu anazimwaga kwanza, anapima na mita, ndo anaingiza mkono. Tafuta wale wazee waliokuwa wanatengeneza redio za valvu, Lindi mjini na huku Mtwara bado wapo wachache, kazi ni ileile. Ukikosa kabisa, Dar, lakini usiitupe tu kwenye buti la basi kilomita zote hizo. Chomoa valvu zote, kila moja iandikie ilikaa soketi gani, zifunge kwenye kanga na uzipakate mwenyewe. Na mwambie fundi kila anachotoa akiweke kwenye mfuko akurudishie, hata kapasita mbovu, kwa sababu nitakazokwambia hapo chini. Kingine, mtu yeyote asiiwashe spika zikiwa zimechomolewa hata kwa dakika moja ya kujaribu, transfoma ya sauti inaungua hivohivo.

Wenzako nao wana haki yao, tusiwapuuze. Kilo 30 na kitu kupandisha kwenye bajaji kila Jumamosi ni mateso. Na kwenye sherehe za vijijini mnatumia jenereta, mafuta yakikaribia kuisha inaanza kukohoa, volti inaruka huku na huku, mimi kitu cha urithi sikiweki hapo hata kwa dawa. Kwa hiyo changeni mnunue ndogo ya kisasa ya kutembelea. Teknolojia imesogea kweli, mfano Fender Twin Reverb, ile ya valvu iliyotoka 1963 uzito wake ni kama kilo 29, mwaka 2019 walewale Fender wakatoa ya kidijitali inayoiga sauti yake, kilo 15 tu. Mgeni mwalikwa anakula pilau lake hatajua tofauti. Wewe utaijua, kwenye vidole. Ukipapasa uzi taratibu ile ya valvu inakuwa safi inalia kama kengele ndogo, ukikaza mkono kidogo inaanza kukwaruza kwa mbali, ukilegeza inarudi, hujagusa kitu chochote zaidi ya uzi. Mjomba alivyokwambia sikiliza kwanza, nadhani alikuwa anataka usikie hiyo. Basi ya kisasa iende harusini, ya mjomba ikae nyumbani kwa mazoezi, na siku mkirekodi muibebe watu wawili bila kulalamika.

Kuhusu jamaa wa Dar. Angalia kibao cha nyuma, kama kimeandikwa Jennings, Dartford, Kent, yaani kampuni ya Uingereza iliyotengeneza Vox za mwanzo, hiyo ni ya miaka ya 60, na zile halisi za wakati huo ambazo hazijachokonolewa sana zinauzwa maelfu ya dola huko Uingereza na Marekani, na vifaa vyake vya asili vinahesabiwa, ndo maana nimesema usitupe kitu. Simsemi vibaya yule bwana, pengine naye hajui, lakini kuuza ikiwa mbovu ni kumuachia yeye faida yote. Na kingine naongea kama mtu wa kusini mwenzako, mama kasema fanya unavyoona, sawa, ila kitu kilichotoka kwa mjomba huku kwetu kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao siyo cha mtu mmoja moja kwa moja. Kaa na mama tena, na wajomba waliobaki kama wapo, uwaambie kuna mtu anaitaka na anatoa kiasi gani. Huenda wakakwambia uza tu, basi roho yako itatulia, na huenda kuna mtu ana kumbukumbu yake ambayo hujawahi kuisikia.

Ikishatengenezwa usiiweke chini kwenye sementi, iinue kwenye stuli au matofali mawili, ifunike kwa kanga na siyo nailoni, nailoni linafungia unyevu ndani. Msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, iwashe mara moja kwa wiki nusu saa ipate joto. Na stabilaiza nunua.

SWALI: Fundi habari za kazi, mimi niko Newala, binamu yangu kaniletea amplifaya ya gitaa kutoka Marekani, nyuma imeandikwa 120V. Nimenunua ile adapta ya kubadilisha plagi, naweza kuchomeka?

JIBU: Usichomeke! Adapta ile inabadilisha umbo la meno tu, volti zinapita zilezile 230 na amplifaya yako itatoa moshi kabla hujagusa uzi. Tafuta transfoma ya kushusha umeme, stepdauni, yenye wati zaidi ya zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, kama imeandikwa 200 chukua ya 300 au zaidi. Halafu wao wanatumia hezi 60 (ni mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde) sisi 50, kwa hiyo transfoma yake itapata moto kidogo kuliko kule, ipe nafasi ya kupumua nyuma usiisogeze ukutani.

SWALI: Shikamoo, niko Masasi najifunza gitaa, sina amplifaya, natumia sabufa ya nyumbani lakini sauti imefifia kama iko ndani ya ndoo. Sabufa mbovu?

JIBU: Marahaba. Sabufa nzima, ila haikutengenezwa kupokea gitaa moja kwa moja, sauti ya gitaa ikifika pale inamezwa na ule ukali wa juu unapotea. Weka kitu katikati, pedali nyingi za efekti zinazotumia umeme au betri zitasaidia zikiwa zimewashwa, au miksa ndogo yenye tundu la gitaa. Volyumu iwe ya chini, ukipiga uzi mnene kwa nguvu unaweza kuchana karatasi ya spika, na kila unapochomeka au kuchomoa jeki shusha volyumu kwanza mpaka mwisho.