Jibu: Wanafunzi wangu wananakili tu habari za Paris

Mwalimu mwenzangu wa Kifaransa huko Kisumu, nimekuelewa: wanafunzi wanasoma karatasi kuhusu majengo ya Paris, ukiwauliza swali wananyamaza. Yalinipata pia hapa Nakuru.

Anza na wanachokijua. Kila kikundi kieleze kwa sentensi tatu za Kifaransa mnara wa saa wa Barabara ya Oginga Odinga hapo kwenu Kisumu: uko wapi, unafananaje, nani hupita hapo. Ndipo wahamie Mnara wa Eiffel wa Paris kwa sentensi zilezile.

Miaka ndiyo itakayowatoa jasho. Eiffel ulikamilika 1889, na themanini na tisa kwa Kifaransa ni quatre-vingt-neuf, yaani ishirini mara nne, kisha tisa. Wapigie hesabu hiyo ubaoni. Jinsia ya maneno nayo: la tour ni mnara, le tour ni mzunguko. Wangu waliteleza hapo kila mara.

Karatasi zikae dawatini. Kadi ya maneno matano inatosha. Habari za Notre-Dame, kanisa kuu la Paris, wazihakiki, maana iliungua Aprili 2019 ikafunguliwa tena Desemba 2024, na makala ya zamani bado yanasema imefungwa.

Anayetetemeka hadi kukosa sauti usimlazimishe. Akusomee wewe peke yako kwanza; hali ikizidi, mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha.