Kwa nini filamu za Mau Mau bado zinatengenezwa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini watu bado wanatengeneza filamu za Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopambana na Waingereza nchini Kenya, ilhali uhuru ulipatikana 1963. Ni kwa sababu mambo yenyewe hayajaisha. Dedan Kimathi, kiongozi wao, alinyongwa gerezani Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na mpaka leo familia yake haijaonyeshwa kaburi. Hebu fikiria mjane aliyezeeka akiomba mifupa tu, serikali moja baada ya nyingine, mpaka naye akafa 2023.

Halafu usiwalaumu Waingereza peke yao. Sheria ya kikoloni iliyopiga marufuku Mau Mau ilibaki mpaka 2003, miaka 40 ya Kenya huru! Wazee waliotoka msituni walikuta mashamba yao yameshagawiwa wengine, na kulizungumzia jambo hilo hadharani kulikuwa hatari. Kwa hiyo wengi walinyamaza, hata mbele ya watoto wao.

Wazee walipoishtaki Uingereza kwa mateso ya wakati ule, fidia iliyokubaliwa 2013 ilikuwa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa watu 5,228. Waliokuwa wameshakufa hawakupata kitu. Na kesi yenyewe ilipata nguvu baada ya Uingereza kukiri, 2011, kwamba ilikuwa imehifadhi kwa siri majalada ya makoloni huko Hanslope Park, kituo cha serikali yake.

Karatasi zilifichwa, na mashahidi wanazikwa kila mwaka. Ndiyo maana mimi namheshimu sana mtu anayebeba kamera akaketi na bibi wa miaka 90, akamwacha aseme kwa lugha yake, hata anaponyamaza katikati.