Kuambiwa "huna weledi" wakati huchelewi wala hugombani na mtu

Ndugu, umeuliza kwa nini kwenye tathmini umeandikiwa kwamba weledi wako ni mdogo, ilhali unawahi kazini, unavaa kwa heshima na hujawahi kugombana na mtu. Na mimi niliwahi kuambiwa maneno hayo hayo, yakaniuma sana. Kazi yangu ni uhasibu, basi nitakujibu kwa yaliyonikuta.

Mwaka wangu wa kwanza, tulikuwa tunafunga hesabu za mwezi. Daftari la fedha na taarifa ya benki vikapishana kwa 1,800. Nilihangaika tangu mchana, jioni nikachoka. Nikaichukua ile 1,800 nikaitupia kwenye akaunti ya muda, ile ya kuwekea kiasi ambacho chanzo chake bado hakijajulikana, nikafunga faili. Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba mwezi ujao nitaitafuta.

Siku ya tatu akaja mama mmoja, mhasibu mwandamizi, faili mkononi. Hakunisema mbele za watu. Alivuta kiti akakaa ubavuni kwangu, akagusa ile tarakimu kwa ncha ya penseli, akauliza, "Hii umeigawa kwa 9?" Sikumwelewa. Akanifundisha kwamba tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, kwanza shuku tarakimu zilizopishana nafasi. Tukapekua vocha, yaani hati za malipo, moja moja mpaka tukaipata: malipo yalikuwa 6,840, mimi nimeingiza 8,640. Hata dakika 20 hazikufika.

Nikadhani yameisha. Akaniambia, "Kukosea tarakimu hata mimi nakosea, mwanangu. Ila hapa umemfanya mkuu atie saini kwenye kitu ambacho wewe mwenyewe hukiamini." Akanitaka nimwandikie mkuu kabla hajauliza. Rasimu yangu ya kwanza ilianza na jinsi nilivyozidiwa na kazi. Aliukata mstari huo. Ikabaki mistari minne: kilichotokea, kiasi, nilivyorekebisha, na nitakavyohakiki mwezi ujao.

Tangu siku hiyo, kwangu weledi ni hivi: mwenzako aweze kuipokea kazi yako na kuijengea juu yake bila hofu, na ikiwa ina kasoro, aisikie kutoka kwako kwanza. Kwenye fedha mmoja huandaa malipo, mwingine hukagua, wa tatu huidhinisha. Utaratibu huo ni mzuri mno, lakini wa kwanza akificha jambo, hao wawili wanakagua kivuli.

Sasa turudi kwako. Hilo la kutogombana na mtu ndilo lililonisimamisha. Jichunguze kwa ukweli: je, ni kwa sababu kila ukiombwa kitu unakubali, kisha siku ikifika unanyamaza? Ukiona Jumanne kwamba kazi ya Ijumaa haitakamilika, sema Jumanne, maana mkuu bado ana nafasi ya kukuongezea mtu au kumwomba mteja asubiri. Ukisema Ijumaa jioni, hana la kufanya tena. Nimewaona watu wapole, wenye adabu zote, ambao wenzao wanaogopa kuwakabidhi kazi kwa sababu ya ukimya huo tu.

Yapo na mengine: kutunza siri za mishahara, kutomsengenya asiyekuwepo, kuacha maelezo ya makabidhiano kabla ya likizo. Hayo naamini unayajua.

Ila nikuonye jambo moja kwa dhati. Wapo wakubwa wanaolitumia neno "weledi" kumnyamazisha mtu anayedai malipo ya saa za ziada au anayekataa kutukanwa. Kukataa kwa lugha ya staha, tena kwa maandishi, hakukupunguzii weledi hata kidogo. Ukitakiwa uandike tarehe ya nyuma kwenye vocha, kataa, hata akikununia mwaka mzima.

Kwa hiyo usikubali lile neno likae hivyo hivyo kwenye faili lako. Mwombe mkuu wako muda mfupi mkiwa wawili, umwambie akutajie tukio moja, siku yake na alichotarajia ufanye. Akilitaja, usijitetee papo hapo. Liandike, ulale nalo, kesho yake umrudie na utakachobadilisha. Akishindwa kutaja hata moja, mwombe kwa upole arekebishe tathmini, na nakala ya ombi hilo ibaki kwako.