Higgs ana pepa chache, mbona ndo mkubwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Uyole, Mbeya, nasoma mwaka wa pili chuo. Tumepewa kazi tuchague mwanafizikia maarufu halafu tupime pepa zake (makala za utafiti) zimenukuliwa kiasi gani na ameshirikiana na akina nani. Mi nimemchukua Peter Higgs, nakuta pepa zake ni chache mno, mwenzangu kachukua mtu wa CERN, ile maabara kubwa ya fizikia Ulaya, ambaye hata hatumjui ila ana mamia ya pepa na h-indeksi imepita 100. Anasema kanishinda, ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hajakushinda, ila usimjibu hivyo tu, mwonyeshe hiyo namba inahesabu nini. H-indeksi ilitolewa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa San Diego, Marekani. Unapanga pepa za mtu kuanzia iliyonukuliwa sana kushuka chini. Tuseme ana pepa 5 zilizonukuliwa mara 40, 12, 9, 4 na 1, huyo h yake ni 4, maana zipo pepa 4 ambazo kila moja imefikisha angalau mara 4, ila 5 zenye mara 5 hazipo. Sasa iangalie ile ya juu, hata ingenukuliwa mara 40,000 badala ya 40, h inabaki 4 vilevile! Hapo ndo Higgs anapoumia, kazi yake ya 1964, iliyotabiri chembe inayoitwa kwa jina lake, ni nzito ajabu, ila baada ya hapo mwenyewe alisema hajafikisha hata pepa 10, na Nobeli akaipata 2013 pamoja na François Englert.

Huyo wa CERN naye usimdharau, anafanya kazi ya kweli, ila mtindo wao wa kuandika ni mwingine kabisa. ATLAS na CMS ni makundi mawili makubwa ya utafiti hapo CERN, kila kundi lina watu kama 3,000 na majina yao yote yanaingia kwenye pepa kwa alfabeti, aliyetengeneza kifaa na aliyechambua data wote ni waandishi. Mwaka 2015 makundi hayo mawili yalitoa pepa moja ya pamoja kuhusu uzito wa chembe ya Higgs, waandishi 5,154, kurasa 33 na kati ya hizo 24 ni majina na taasisi tu. Pepa kama hiyo ikinukuliwa mara moja, watu zaidi ya elfu tano wanaongezewa saitesheni (yaani kunukuliwa) kwa mpigo. Kwa hiyo ukichora mtandao wa ushirikiano wa mwenzako utapata maelfu ya majina ambayo mengine hawajawahi hata kusalimiana, wa Higgs utapata vijina vichache, na hizo picha mbili hazilinganishwi.

Kitu kingine ni muda, na hiki watu wanakisahau sana. Mwanafizikia Steven Weinberg aliandika pepa fupi mwaka 1967 iliyounganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu nyonge (inayofanya kazi ndani ya kiini cha atomu), ikakaa miaka kadhaa karibu hakuna anayeigusa, mpaka 1971 Gerard 't Hooft alipoonyesha kwamba hesabu za nadharia za namna hiyo zinakubali, ndo watu wakaikimbilia, na leo imenukuliwa zaidi ya mara 10,000. Ungempima 1970 ungeandika kwamba haina maana.

Kwenye kazi yako taja namba umeitoa wapi, maana Google Scholar, Scopus na INSPIRE, hizo tovuti zinazohesabu saitesheni, kila moja inatoa yake, halafu weka saitesheni za pepa moja moja, gawanya kwa idadi ya waandishi, na toa zile ambazo mtu kajinukuu mwenyewe. Hirsch mwenyewe mwaka 2020 aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kuleta madhara makubwa, mnukuu kabisa.

SWALI: Kamwene. Mimi wa Iringa mjini, je Erasto Mpemba wetu, yule wa maji ya moto kuganda kabla ya baridi, angepimwaje?

JIBU: Kamwene! Swali zuri sana hili, tena shule ya Mkwawa aliyosoma ilikuwa hapohapo kwenu. Erasto Mpemba aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa akiwa Magamba sekondari mwaka 1963, alipofika Mkwawa akamuuliza Denis Osborne aliyetoka Dar es Salaam kuja kuongea na wanafunzi, wenzake wakamcheka, Osborne akaenda kujaribu, na 1969 wakachapisha wote wawili. Kwa pepa hiyo moja h yake ni 1, hata inukuliwe mara milioni haipandi, kwa hiyo hicho kipimo kwake hakifai kabisa kabisa. Wewe soma waliomnukuu. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima maji wakasema hawaoni ushahidi kwamba ya moto yanawahi kupoa, 2020 Kumar na Bechhoefer wa Canada wakaipata kwenye chembe ndogo sana iliyozamishwa majini, na siku hizi wanaitafuta mpaka kwenye fizikia ya kwanta. Aliyempinga na aliyemuunga mkono wote kwenye hesabu ni saitesheni moja moja, kwa hiyo tofauti yao utaijua kwa kufungua hizo pepa na kusoma, namba haitakwambia.