Hadithi kumi na nne na kanga moja

SWALI

Shikamoo Bibi Mhariri. Nina miaka 31, ninafanya kazi kwenye mashine ya kusaga na kukoboa hapa Morogoro. Tangu 2022 ninaandika hadithi fupi usiku, kama nusu saa hivi. Siwezi kuanza mapema kwa sababu nikirudi mke wangu ananikung'uta kwanza kwa kanga pale mlangoni, eti nisimwingizie pumba ndani, halafu nioge, nile, watoto walale, ndipo nikae. Nimemaliza hadithi 14. Zote nimezipeleka magazetini na kwenye mashindano, hakuna hata moja iliyochukuliwa. Rafiki yangu kaniambia mtu hawi bingwa wa jambo lolote mpaka afikishe saa 10,000 za mazoezi. Nimepiga hesabu nikakata tamaa. Hivi kweli, mtu afanye mazoezi kiasi gani ndipo awe mwandishi mzuri? Nakutumia na mwanzo wa hadithi yangu ya mwisho uuone.

Mtu wa Mashine, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu. Hesabu hiyo nami nimeipiga, nyuma ya bahasha yako. Nusu saa kila usiku, bila kuruka Idi wala Krismasi, saa 10,000 zitakuchukua karibu miaka 55. Utakuwa na miaka 86. Mimi watakuwa wameshanipeleka makaburini Kisutu zamani, kwa hiyo tutafute njia nyingine.

Hizo saa zina asili yake. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walitoa utafiti juu ya wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki cha Berlin. Wale waliokuwa bora kabisa, walipofika miaka 20, walikuwa wamejifua kwa wastani wa zaidi ya saa 10,000. Wastani, mwanangu. Wapo waliozidi sana, na wapo wengi tu ambao walikuwa hawajafika. Mwaka 2008 Malcolm Gladwell akaitia namba hiyo kwenye kitabu kilichosomwa kila mahali, na tangu hapo watu wanaitaja kama amri iliyoteremshwa. Ericsson mwenyewe alilalamika kwamba kaeleweka vibaya. Saa alizozihesabu ni za mtu aliyejifungia peke yake na kipande kinachomshinda, anakirudia mpaka kinyooke. Za kupiga fidla kwa kujifurahisha hazimo.

Sasa niambie: katika hizo hadithi 14, ni ngapi umeziandika mara ya pili? Barua haisemi. Nahisi hakuna, kwa sababu nami nilikuwa hivyo hivyo.

Niliingia gazetini kama msoma prufu. Miaka minne nilikuwa nikisoma kurasa za wenzangu, nikichokonoa koma na herufi zilizopinduka, huku nikijiambia kuwa ufundi utaniingia kwa kukaa karibu nao. Siku moja waandishi walikuwa wachache, nikatumwa kuandika habari ya bomba la maji lililokauka mtaa mzima. Nikaandika kurasa mbili. Nilizipenda mno. Mhariri wangu, Mungu amrehemu, hakuweka alama yoyote isipokuwa duara la wino mwekundu kwenye neno moja, "wananchi", na pembeni akaandika: "Wangapi? Wamebeba nini?"

Nikapanda daladala nikarudi kule kule, nimenuna. Nikakuta akina mama kumi na mmoja wanatoka kisimani. Mmoja wao ndoo yake haikuwa na mfuniko, amelaza jani la mgomba juu ya maji ili yasimwagike akitembea. Nikamfuata mpaka kwake, maji hayakumwagika hata tone. Nilipoliandika lile jani, mhariri akafuta sentensi tatu zilizolizunguka, akanirudishia. Nikaandika tena, akafuta tena. Mara tano. Ikatoka habari ya maneno 90, bila jina langu. Ile wiki moja ilinifundisha kuliko miaka minne ya prufu, na sisemi hivyo kwa kuidharau prufu, maana ilinilisha.

Tuje kwenye mwanzo wa hadithi yako. Nauweka hapa na wasomaji wengine wauone:

"Jua lilikuwa limekwisha kuzama na kuiacha dunia katika giza totoro, huku ndege wakiimba nyimbo za huzuni zisizo na kifani. Moyo wa Amina ulikuwa umejaa simanzi isiyoelezeka."

Giza likishakuwa totoro, ni ndege gani hao bado wanaimba? Popo haimbi, na bundi ukimsikia hutasema anaimba. Hiyo huzuni isiyo na kifani na simanzi isiyoelezeka ni wewe unamkabidhi msomaji kazi yako. Unamwambia kuna jambo kubwa hapa, ila mimi limenishinda kulieleza. Na sentensi hizi si zako. Umezichota kule tulikozichota sote, kwenye insha za shule. Ukiandika hadithi nyingine 14 kwa sentensi za namna hii, utakuwa umefanya mazoezi ya kweli kabisa, mazoezi ya kuandika hivi hivi.

Rudi sasa kwenye barua uliyoniandikia bila kujishughulisha. "Mke wangu ananikung'uta kwanza kwa kanga pale mlangoni, eti nisimwingizie pumba ndani." Hii nimeisoma mara tatu. Najua ni jioni ingawa hujataja jua. Najua nyumba ni ndogo, najua nani mwenye amri, najua mnapendana. Tazama hilo "eti". Neno moja tu, nikamsikia mkeo anasema, na nikakusikia wewe unalalamika huku umesimama umeinua mikono ukung'utwe. Halafu unaniuliza lini utakuwa mwandishi!

Shida yako ni kwamba ukikaa "kuandika" unavaa koti la mtu mwingine. Zoezi lako ni kulivua, na hilo lina namna yake.

Kwanza, Benjamin Franklin, yule Mmarekani, alipokuwa kijana fundi wa kiwanda cha uchapaji alijifundisha kuandika hivi: anachukua makala nzuri kutoka gazeti la Uingereza, anaandika vidokezo vifupi vya kila sentensi, anaviweka kando siku kadhaa mpaka asahau maneno. Kisha anaiandika makala upya kwa vidokezo vile tu, na mwisho analinganisha ya kwake na ya mwenyewe, aone wapi kapwaya. Nilijaribu hivyo kwa miezi sita, aya moja moja, na mwandishi wa Kiswahili niliyempenda. Unaona aibu peke yako, haikuumizi kama ya kuonywa mbele za watu. Nusu saa yako inatosha: usiku mmoja vidokezo, wiki inayofuata kuandika, usiku mwingine kulinganisha.

Pili, kurudia kazi yako mwenyewe. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963. Kitabu kimeshatoka, mwenyewe ni rais, nani angemwuliza? Lakini aliishika tena, akairekebisha, ikatoka upya 1969. Wewe huna nchi ya kuongoza, una mashine tu.

Kuhusu miaka, usijipime na mtu. Abdulrazak Gurnah alianza kuandika akiwa na miaka 21, ugenini Uingereza, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987, anakaribia arobaini. Kezilahabi ya kwake ya kwanza ilitoka 1971, hata thelathini hajafika. Mmoja alikawia na mwingine akawahi, na wote tunawasoma.

Kwa hiyo hadithi ya kumi na tano usiniletee. Chukua mojawapo ya zile 14, ile ambayo ukiikumbuka bado inakukera, uiandike upya bila kuitazama. Nataka ndani yake niisikie mota ikiwashwa na mkanda ukipiga, nimwone mteja anayetaka dona ila anaona haya kusema kuwa hela ya kukobolea hana. Ukikwama, usikae na daftari. Mwandikie mtu barua umweleze kisa chenyewe, halafu ufute salamu.

Na mkeo mwambie ile kanga nimeipenda.

SWALI

Bibi Mhariri, ninafundisha Kiswahili sekondari huku Mombasa. Darasa langu lina wanafunzi 40, wanaandika insha moja kwa wiki kujiandaa kwa karatasi ya kwanza ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari. Mkuu wa shule anataka ziwe tatu. Zitasaidia kweli?

Mwalimu, Mombasa

JIBU

Insha tatu za maneno 400, mara 40, ni maneno 48,000 kila wiki. Utasahihisha saa ngapi, Mwalimu? Utaishia kupiga tiki na kuandika "jitahidi", na mwanafunzi atageuza ukurasa aanze nyingine na kosa lile lile.

Iache iwe moja, ila iandikwe mara mbili. Mara ya kwanza usitoe alama, chora mstari mahali pamoja tu panapohitaji kazi, kama alivyonifanyia mhariri wangu. Mara ya pili ndipo utoe alama.

Najua pia kwamba insha nyingi zitaanza na jogoo wa kwanza kuwika na mwandishi kudamka. Usimkataze jogoo, watakuletea kunguru. Mwulize kila mtoto aliyemwandika: huyo jogoo ni wa nani? Yule anayekaa ghorofa ya nne Kisauni atacheka, kisha atafikiri kidogo, na atakwambia kuwa kwao kinachomwamsha ni jirani wa juu anayeburuta madumu ya maji alfajiri. Hapo mpe karatasi aandike.